Reli Juu ya Mlango wa Chumbani

Jumamosi mchana, baada ya kuosha vyombo, fundi wa mapazia aliung'oa mlango wa chumba chake cha kulala. Skrubu za bawaba ya juu zilitoka vizuri. Za chini zilikuwa zimepakwa rangi juu ya rangi, bisibisi ikawa inateleza tu, mpaka ikamchubua kidole. Alikinyonya kile kidole, akamlaani aliyezifunga, akaendelea. Mlango ulipotoka aliulaza sebuleni juu ya viti vinne, upande mmoja dirishani na wa pili karibu na jiko.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele kwenye kochi, aliinua macho.

"Sasa mwanangu, utalala chumba hakina mlango?"

"Nitatundika pazia, mama."

"Angalau kwa mapazia huna shida," mama mkwe akasema, akarudia mchele wake.

Mume wa fundi wa mapazia alikuwa gadi wa treni. Miaka mitatu nyuma alitoka na begi dogo kwenda zamu ya siku moja, na mpaka siku hiyo alikuwa hajarudi, kwa kuwa mtu wa kumpokea zamu hakuwa amefika. Sheria ya reli haina mjadala: gadi haachi treni mpaka apokelewe. Treni ikimaliza safari inafungwa kichwa kingine na kuondoka tena, naye yumo kwenye behewa la nyuma. Familia za watu wa reli zimeshaizoea hali hiyo. Kuna dereva mmoja ambaye watoto wake wameoa na kuolewa, na yeye bado yuko kwenye zamu ya Jumanne.

Ofisini alikokwenda kuuliza, fundi wa mapazia alipigwa danadana mpaka akawajua makarani wote kwa sauti za viatu vyao. Bwana zamu, mtu aliyekula pilau ya harusi yao na kuomba ya kubeba, alikuwa akimwita shemeji na kumvutia kiti.

"Mpokezi yuko njiani, shemeji. Vuta subira."

"Njiani wapi?"

"Njiani."

Ndipo alipolikumbuka boksi. Mumewe alinunua treni ya kuchezea, nzuri, ya umeme, yenye reli za kuunganisha, akasema ataijenga akipata likizo. Boksi lilikuwa chini ya kitanda na halijafunguliwa. Hoja ya fundi wa mapazia ilikuwa nyepesi: treni haipiti nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna reli.

Kijitabu cha maelekezo kiliandikwa na mtu ambaye ni wazi hajawahi kukosea jambo lolote. Kilisema anza na ubao ulionyooka. Mlango haukuwa umenyooka. Ulikuwa umebonyea katikati, na kila behewa aliloliweka liliteremka lenyewe na kujikusanya pale bondeni na wenzake. Alichomeka vipande vya kadibodi chini ya reli, akavitoa, akachomeka vingine. Vibati vya kuungia reli vilimchoma vidole vilevile anavyovitegemea kushonea. Treni ilipopewa umeme ilitetemeka, ikasimama. Sasa, katika ufundi wake, kitu kikigoma kinatiwa mafuta, basi akachukua mafuta ya cherehani na kuzipaka reli zote kuanzia dirishani hadi jikoni. Magurudumu yakazunguka palepale kwa furaha na treni haikusogea hata kidogo. Siku mbili nzima alikuwa akisugua mafuta yale kwa spiriti na kitambaa, mapazia ya wateja yamekaa kwenye mafurushi, na mteja mmoja alikuja akachukua kitambaa chake bila kuaga. Fundi wa mapazia alilia. Hakulia kwa huzuni. Alikuwa na hasira za kutosha kuupasua ule mlango kuni.

Siku iliyofuata, jioni, saa ya treni ya kweli kupita upande wa pili wa mji, alifungua umeme, na treni yake ikaondoka dirishani taratibu. Ilipokaribia bonde la katikati, mlango wa behewa la nyuma ulifunguka na mumewe akachungulia. Alikuwa na sare na kofia, na kimo chake kilikuwa cha ncha ya kidole gumba.

"Nani kaweka hii njia?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa yake.

"Mimi."

"Ina bonde."

"Ndiyo salamu hiyo? Miaka mitatu?"

"Nakusalimu, mke wangu. Ila ina bonde. Mizigo inahama."

Mama mkwe aliletewa miwani. Aliinama mpaka pua ikakaribia paa la behewa, akamtazama mwanawe kwa muda.

"Amekonda," akasema.

"Ni mdogo tu, mama. Hajakonda."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Amekonda."

Treni ilifika ukingo wa mlango, upande wa jikoni, na reli zikaishia hapo. Behewa likawa la plastiki tena, tupu, na madirisha yake yamechorwa.

Ikawa hivyo kila jioni. Urefu wa mlango mmoja ndio muda waliopewa, na katika muda huo walikuwa na mambo mengi ya kuambizana, lakini kwa kuwa ni watu waliooana, mengi yalikuwa lawama. Hata hivyo jioni moja gadi alisema jambo la maana.

"Mpokezi haletwi popote tu. Analetwa kwenye kituo ambacho treni inageuza."

"Na hapa je?"

"Hapa haigeuzi. Hapa inaanguka jikoni."

Basi fundi wa mapazia alinunua reli za kupinda akajenga duara upande wa jikoni, ili treni iingie, izunguke, itokee ilikopitia na kurudi dirishani ikiwa imegeuza uso. Alitumia wiki nzima kwa kazi hiyo. Akajenga na jukwaa la kadibodi, akalipaka rangi ya kijivu, maana kituo bila jukwaa kinatia aibu. Jioni treni iliingia kwenye duara, ikazunguka vizuri, na pale duara lilipokutana na njia yake ya mwanzo ikatoa cheche. Kisanduku cha umeme kikalia, taa ya sebuleni ikazimika.

"Umepiga shoti," mumewe akasema gizani.

"Najua ni shoti."

"Umeunganisha vibaya."

"Nimeunganisha kama kitabu kinavyosema. Na ulisema utaijenga wewe."

"Mimi niko kazini."

Kwenye taarifa ya habari ya asubuhi walisema treni ya jioni ilikwama bila sababu inayojulikana, na abiria walikaa gizani. Iliyofuata ilikwama hivyohivyo, na iliyofuata. Fundi wa mapazia aligeuza nyaya, akazirudisha, akabadilisha reli, akakibadilisha hata kile kisanduku. Shoti ilikuwa palepale. Ofisi ilianza kumwandikia gadi makosa ya ucheleweshaji, na gadi akayaleta nyumbani kama mume yeyote anavyoleta mambo ya kazini.

"Achana nayo tu," alimwambia. "Turudie ile ya zamani, niwe napita."

"Siachi."

"Kichwa chako kigumu."

"Ndicho ulichokioa."

Fundi redio wa mtaani ndiye aliyemweleza, huku akichokonoa spika ya mtu mwingine na wala hajamtazama. "Ukiipindisha njia ikajirudia, reli ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia. Ni sawa na kushikanisha waya mbili. Kila anayeanza anakosea hapo. Kata reli zote mbili, pa kuingilia na pa kutokea, duara lipate umeme wake lenyewe. Weka na swichi ya kugeuza. Treni ikiwa ndani yote, geuza."

"Kwa nini kitabu hakisemi?"

"Kitabu kinauza maboksi, dada."

Alikata reli kwa msumeno wa chuma, akaweka swichi. Shoti ikabaki. Alirudi kwa fundi redio akiwa amefura, ikaonekana amekata karibu mno: treni ilikuwa ndefu kuliko kile kipande, behewa la mbele likitoka la nyuma lilikuwa halijaingia. Akabandua duara lote, akalijenga upya kubwa zaidi, mpaka likakaribia kutokeza nje ya mlango. Mama mkwe alimshikia taa, akiguna kila reli ilipoitikia msumeno.

Jioni treni ilipita, ikaingia kwenye duara na behewa la mwisho likiwa ndani. Fundi wa mapazia akageuza swichi. Hakukuwa na cheche. Treni ilizunguka, ikatokea, ikasimama kwenye jukwaa la kadibodi ikielekea dirishani.

"Safi," mumewe akasema. Hakuwa amemwambia neno hilo tangu wafahamiane. Fundi wa mapazia akacheka, mama mkwe naye akacheka kwa kumwona mwenzake anacheka.

Bwana zamu alikuja kukagua akiwa na futi yake. Alivua viatu, akapima duara, akapima jukwaa, akaingiza kidole chini ya reli kuona kadibodi, akakubali chai. Jioni alishuhudia treni ikigeuza na akapeana salamu na gadi, mmoja kwa mkono na mwingine kwa kofia.

"Shemeji, hiki ni kituo cha kugeuzia," akasema. "Hakina kasoro."

"Basi mpokezi analetwa lini?"

Bwana zamu aliweka kikombe chini. "Hapo sasa. Mpokezi ni wa gadi aliye mbali na nyumbani. Huyu wako anafika nyumbani kila jioni. Nimeshamtoa kwenye wanaosubiri."

"Hafiki. Anapita."

"Kwetu sisi, treni ikisimama mtu amefika."

"Hashuki."

"Hashuki kwa sababu hajapokelewa, shemeji. Hilo unalijua."

Fundi wa mapazia alimwambia maneno ambayo mama mkwe alijifanya hakuyasikia. Bwana zamu aliyapokea yote kwa upole, maana ndiyo kazi yake. Akiwa mlangoni, anafunga kamba za viatu, aliongeza kwamba kituo lazima kiwe na mtu wa kuruhusu treni iondoke, na kwa kuwa shemeji ndiye anayeishi pale, kazi hiyo ni yake. Bendera ya kijani ofisi haina kwa sasa, kwa hiyo ajishonee.

Aliishona kwa bitana ya pazia la mteja, ndogo kama ukucha, akaipindia ukingo kwa mkono. Hakujua kushona vibaya hata alipotaka.

Jioni treni iligeuza na kusimama. Mumewe alikuwa mlangoni mwa behewa, kofia mkononi.

"Wameshanieleza," akasema.

"Nawe umesemaje?"

"Nimesema sawa. Ningesema nini?"

Fundi wa mapazia alikuwa ameishika bendera katikati ya vidole viwili. Mradi hajaipunga, treni haiondoki. Alikaa nayo hivyo. Alimtazama mumewe, ambaye mvi zilikuwa zimemwanza pembeni, jambo ambalo hakuwa ameliona jioni ambazo treni ilikuwa ikipita tu. Walikuwa hawajawahi kutazamana muda mrefu hivyo bila kugombana. Kwenye mabehewa ya mbele madirisha yalianza kufunguka, watu wakachungulia kuuliza kuna nini, na mtoto wa mtu akaanza kulia.

Gadi akatazama saa yake.

"Mwache akae kidogo," mama mkwe akasema.

"Mke wangu," gadi akasema kwa sauti ya chini. "Tukichelewa, wananiandika mimi."

Fundi wa mapazia akapunga bendera, na treni ikaondoka kwa wakati.