Akida Juu ya Nguzo

Zipora hakujua ajiite mke au mjane. Wakati wa ujenzi wa reli, Akida Mustapha, aliyeitawala Nzuguni kwa niaba ya Wajerumani, alimchukua mumewe, Yotham, akachimbe tuta. Garimoshi lilifika Dodoma, wachimbaji wakarejea makwao, na Yotham hakuwamo miongoni mwao. Zipora alikwenda barazani kuuliza. Akida, mtu mnene aliyeletwa kutoka pwani, alikuwa akila tende. Hakuinua macho.

"Nyamaza," alisema. "Ondoka hapo."

Karani wake, aliyeketi nyuma ya kiti chake, akarudia kama ilivyokuwa desturi yake: "Ondoka hapo."

Zipora aliondoka. Hakulia njiani, wala hakuyasahau maneno yale mawili.

Kiangazi kilichofuata, vyura wawili wa mti waliingia katika tembe lake, wakapanda nguzo ya katikati, wakakaa. Hawakuwa vyura wa dimbwini, wenye tope na makelele. Walikuwa wakavu, wembamba wa miguu, na vidole vyao vilinata juu ya mti kama vilivyopakwa ulimbo. Asubuhi walikuwa na rangi ya gome. Jua lilipopanda na joto kuingia ndani, waligeuka weupe kama majivu, wakakunja miguu chini ya matumbo, wakafumba macho kama watu waliochoshwa na maombi ya wanyonge.

"Wifi, watoe hao," alisema Raheli, dada yake Yotham, aliyeishi naye katika tembe hilo. "Mvua ikichelewa, watu watasema umeifungia humu ndani."

"Waseme. Anayeidai mvua yake na aje aitafute chunguni."

Aliwalisha mchwa na panzi kwa ncha ya bua la mtama, akawawekea maji katika kigae, ingawa waliyagusa mara chache. Yule mkubwa alikaa juu kabisa, akila kila alicholetewa bila kusogea. Yule mwembamba alikaa chini yake, na mkubwa alipogeuka kushoto, naye aligeuka kushoto. Zipora aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akawapa majina. Mkubwa akawa Akida. Mwembamba akawa Karani.

Tangu siku hiyo, katika Nzuguni nzima palikuwa na nyumba moja ambamo Akida aliambiwa la kufanya.

"Akida! Shuka hapo juu! Tumbo hilo umelijaza kwa jasho la nani? Na wewe, Karani, unamwitikia nini? Huna kichwa chako?"

Wanawake wa jirani walianza kuleta mtama wao kwa Zipora, wakidai kwamba jiwe lake la kusagia lilikuwa laini kuliko mengine. Halikuwa laini. Walikuja kumsikia Akida akikaripiwa, nao walicheka mpaka unga ukawapalia.

Adhuhuri moja, Khamisi, tarishi wa Akida, alipita akitafuta kuku wa kumkaribisha Bwana Shauri, Mjerumani aliyekuwa akija kusikiliza kesi. Alipofika mlangoni pa Zipora, akasikia sauti kutoka ndani:

"Akida! Umepanda kitandani kwangu tena? Mchana kweupe hivi! Huna haya?"

Khamisi aliganda. Alilisawazisha tarbushi lake, akaunganisha visigino, akapiga saluti mbele ya ukuta wa udongo, kisha akasimama juani akisubiri. Zipora alipotoka kumwaga maji machafu, nusura ammwagie.

"Khamisi! Mbona umesimama kama mti wa bendera?"

"Namngoja Akida, mama. Wala usimharakishe."

Zipora alimtazama, akaelewa, na hakumsahihisha. "Utangoja sana, mwanangu. Huyu akishashiba hulala mpaka jua lipoe."

"Hulala humu?"

"Atalala wapi? Ni mwezi wa tatu sasa."

Khamisi aliwasahau kuku. Alasiri ilipofika, Bi Batuli, mke wa Akida, alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake na kulikalia mlangoni, akiapa kwamba atarudi kwao kwa garimoshi la kwanza. Akida mwenyewe alipofika nyumbani, hakufunguliwa mlango.

Ukweli ulipojulikana, hasira ya Akida ilizidi ile aibu. Alimshtaki Zipora mbele ya Bwana Shauri, akataka mambo mawili: mwanamke yule afungwe mnyororo, na vyura wale wasagwe kwa jiwe mbele ya watu wote.

Raheli alimsihi wifi yake usiku kucha. "Waachie msituni, useme ulikuwa mzaha. Ni vyura tu, wifi."

"Si vyura tu. Ni vyura wangu. Yotham nilimtoa mlangoni mwenyewe, kwa kuwa niliambiwa ni amri. Hawa sitawatoa."

Asubuhi aliwatia ndani ya kibuyu chenye mdomo mpana, akakifunika kwa majani mabichi, akaenda nacho barazani. Watu walijaa. Bwana Shauri alikaa mezani, uso mwekundu, kola imemkaba shingo. Akida alisimama kulia kwake, na karani nyuma ya Akida.

"Chura hii iko wapi?" aliuliza Bwana Shauri.

"Chura huyu, Bwana," alijibu Zipora. "Yuko wapi. Ana uhai, hivyo haitwi hii."

Watu waliinamisha vichwa wakitazama vidole vya miguu yao. Kiswahili Zipora alikisomea misheni, na mwalimu wake hakumwachilia mtoto aende nyumbani na kosa la sarufi. Bwana Shauri alikunja uso, kisha, kama mtu aliyewahi kuchapwa shuleni kwao kwa sababu iyo hiyo, akarudia polepole: "Chura huyu... yuko wapi?"

Zipora aliufunua mdomo wa kibuyu. Chura mkubwa alitoka, akapanda mkono wake, akakaa begani. Jua lilimpiga, naye akaanza kugeuka mweupe mbele ya macho yao. Yule mwembamba alimfuata, akakaa nyuma yake.

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Hakufanikiwa.

"Bwana Shauri anaona!" alifoka Akida. "Mwanamke huyu amekitangazia kijiji kizima kwamba mimi ni chura!"

"Ametangaza," alisema karani.

"Sikutangaza hivyo," alijibu Zipora. "Nilisema chura huyu ni Akida. Sikusema Akida ni chura. Nimempandisha chura cheo, sikumshusha mtu. Kama Akida ameona kwamba maneno hayo mawili ni sawa, ameyasawazisha mwenyewe."

Kicheko kililipuka upande wa wanawake, na askari wakapiga vitako vya bunduki chini. Bwana Shauri aliomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa, alitazama vyura, akamtazama Akida na karani wake, akatoa leso, akajifuta mdomo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sheria ni sheria," alisema hatimaye. "Mama, weka jiwe juu yao, uende nyumbani. Hakuna mnyororo."

Khamisi alileta jiwe, akalitua miguuni pa Zipora bila kumtazama usoni. Raheli aliziba macho.

"Siwaui," alisema Zipora. "Bwana ana askari, na wawaue wao. Mimi sijapata kumchukua kiumbe aliyekaa kwangu kwa amani nikampeleka mahali asikorudi. Kazi hiyo ina wenyewe hapa."

Alimtazama Akida aliposema hayo, na watu wote walimtazama Akida pamoja naye. Hakuna aliyecheka. Kila familia pale ilikuwa na jina ambalo halikurudi pamoja na garimoshi. Mzee mmoja aliinuka kutoka alipokuwa amechuchumaa, kisha mwingine, kisha wanawake wote wakasimama.

Bwana Shauri hakuwa mjinga. Aliona watu waliosimama, akaona askari wake wachache, akaona pia kwamba mambo haya yote yangeandikwa kwa wakubwa wake kuwa ni machafuko yaliyoanzishwa na vyura wawili. Alikata shauri upesi: mwanamke atateka maji ya boma mpaka mvua inyeshe. Vyura watabaki. Ila kuanzia leo, ni marufuku kumwita mnyama yeyote kwa cheo cha Serikali.

"Umesikia?" alifoka Akida. "Hiyo ni amri! Ni marufuku!"

"Ni marufuku," alisema karani.

"Nimesikia vizuri sana," alisema Zipora. "Ni amri, na ni marufuku."

Aliteka maji kiangazi chote, mtungi kichwani, shingo imenyooka. Amri aliitii neno kwa neno. Katika nyumba yake hakuna mnyama aliyeitwa tena kwa cheo cha Serikali. Wanawake waliporudi na mtama wao, walimkuta akinyoosha bua kuelekea juu ya nguzo.

"Marufuku! Shuka hapo! Nyamaza! Na wewe, Amri, acha kumfuata Marufuku kama mkia!"

Kabla mwezi haujaandama, majina hayo yalikuwa yamefika kila tembe.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Akida aliwaita watu barazani kusikiliza tangazo jipya la kuni. Alikaa vizuri kitini, karani nyuma yake, akakohoa, akasoma kwa sauti kubwa:

"Kwa amri ya Serikali, ni marufuku..."

Mtoto mmoja alicheka. Mama yake alimziba mdomo, akacheka yeye. Kicheko kilipita safu kwa safu mpaka kikawafikia wazee, na Khamisi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Nyamazeni!" alifoka Akida, akiinuka. "Ni marufuku kucheka nikisema..."

Akasita. Neno lililofuata lilikuwa tayari mdomoni mwake, na watu wote walikuwa wakilingoja.

"Ondoka hapo," Zipora alisema kwa sauti ya chini, kutoka safu ya mbele, mtungi wake wa maji kichwani.

Karani, kwa mazoea, akarudia: "Ondoka hapo."