Somo la Kwanza ni Kukataa

Kwenye kiwanda chetu cha nguo mjini Hawassa, msichana akielezwa jambo na mkubwa wake, huvuta pumzi kwa ghafla. Hiyo ndiyo "ndiyo" yetu ya heshima. Ato Demissew, yaani Bwana Demissew, meneja, aliwajaza wasichana wapya ukumbini, akawaonyesha picha za cherehani ukutani asubuhi nzima, nao wakavuta pumzi mpaka hewa ikataka kwisha. "Wameelewa," akasema. Kesho yake mmoja wao, Birke, akajishona kidole.

Mimi ndiye mkufunzi. Niliwatoa ukumbini, nikawaketisha kwenye vyerehani. Somo la kwanza likawa kukataa: naeleza jambo vibaya makusudi, na atakayeitikia anakuja mbele kunisahihisha. Mwanzoni walilia.

"Dada Etagegn, mama atasema nimeharibika!"

"Mwambie mama vidole havioti tena."

Demissew akapata habari. "Unafuga watovu wa adabu. Nitakuja mwenyewe kuwapima. Wasiponiridhisha, wanarudi ukumbini, na wewe unarudi kwenu Dilla."

Akaja, mikono mgongoni. Hata salamu hakutoa.

"Mashati yamechelewa. Ng'oeni kinga za sindano, zinawapotezea muda."

Nyuma kabisa nikasikia mtu akivuta pumzi. Nikafumba macho.

"Sijaelewa, Ato Demissew." Alikuwa Birke, kidole kingali na kitambaa. "Kinga ikitoka, sindano itazuiwa na nini?"

"Na akili yako!"

"Akili nilikuwa nayo hata siku ile; kinga ndiyo sikuwa nayo. Karibu ukae, utuonyeshe."

Akainuka, akampisha kiti. Mtu akaguna kwa kicheko.

"Hata mimi sijaelewa," akasema yule wa nyuma aliyevuta pumzi. Mwingine akazima cherehani yake, kisha jirani yake, mpaka chumba kizima kikanyamaza.

Demissew alikitazama kiti. Akaitazama sindano. Hakuketi.

"Umewafundisha kunigomea," akaniambia.

"Nimewafundisha kushona. Ukitaka wa kukuitikia tu, nenda ukahutubie viti vya ukumbini."

Shingo ilimvimba. Wasichana wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

"Kinga zibaki," akasema hatimaye. "Washeni mashine."

"Na kundi lijalo litaanzia hapa, si ukumbini," nikasema.

"Mimi sijasema hivyo."

"Nimesema mimi."