Mashavu ya Inamahoro

Mtu akikwambia mashavu manene ni afya, mtume kwangu Runingu nimwambie ukweli.

Mdogo wangu Inamahoro aliugua matumbo. Yalimvimba ndani, yakafanya vidonda, akawa anaenda choo cha damu. Daktari wa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, akampa prednizoloni, vidonge vya kutuliza uvimbe ule. Damu ikakoma, ila dawa yenyewe ikamjaza uso, mashavu yakawa mviringo kama mandazi. Alionywa asiiache ghafla. Basi vita ikaja, mpaka ukafungwa, na vidonge vilikuwa vinaisha. Ikasemwa wagonjwa tu ndio wanaruhusiwa kuvuka.

Mama yetu, Florentine, kwake mtu haendi kwa watu akiwa ovyo, hata awe anakufa. Akamfunga pagne, kitenge cha ndoa yake mwenyewe, akamsuka, akampaka mafuta usoni mpaka akang'aa.

"Mama, tunaenda hospitali, si harusi!" nikamwambia.

"Nyamaza weye! Wasiseme mutoto wangu hana kwao."

Kwenye barrière, kizuizi cha mpakani, askari alimtazama Inamahoro, akacheka. "Huyu ndiye mugonjwa? Anatushinda sisi wote unene! Iko anaenda kutembea huyu. Rudini."

Nilimfokea, nikamwonyesha boksi tupu la dawa. Mama akapiga magoti. "Ni tumbo, mwanangu, ni tumbo tu." Damu hakuitaja, wala mimi sikuitaja, maana kwetu choo cha mwanamke hakisemwi mbele ya wanaume. Inamahoro aliinamisha kichwa, uso unang'aa. Tukarudishwa.

Vidonge vikaisha. Damu ikarudi, mbaya kuliko ya kwanza. Yale mashavu yakashuka, yakaingia ndani, yakabaki macho. Wee! Nilimchukia kila niliyemwona anakula akashiba, Mungu anisamehe.

Majirani wakatusaidia kumbeba kwa kipoyi, machela ya miti, tukarudi mpakani. Safari hii Mama hakumpaka mafuta. Askari alikuwa yule yule. Alichungulia, akavua kofia, akainua mti wa barrière kwa mikono yake mwenyewe.

"Huyu kweli iko mugonjwa," akasema polepole. "Mbona hamukumuleta mapema?"

"Tulimuleta," Mama akamjibu. "Ukasema ni munene."

Mimi nikamshika mdogo wangu mkono, nimwambie tunavuka. Ulikuwa umeshapoa.

Barrière ikabaki wazi. Sisi tukageuza kipoyi, tukarudi naye Runingu.