Bolti ya Springi ya Kulia

Saa kumi na mbili asubuhi Basilia Yucra alikuwa tayari amelala chali chini ya lori la mama yake, juu ya gunia, patasi mkono mmoja na nyundo mkono mwingine, akiitafuta bolti. Ipo, hilo alilijua, ila haionekani. Marehemu baba yake alifuata desturi ya wenye malori wote wa kule kwenye jangwa la chumvi: kila mwaka unalipaka lori oili chafu tumboni, kutu isilile. Na kila mwaka vumbi la chumvi lilinata kwenye ile oili, likakauka, likapakwa nyingine juu yake. Miaka ishirini ya mapenzi hayo ilikuwa imekuwa gamba gumu kama saruji, na ndani ya gamba kutu ilijilia kwa raha zake.

"Gonga polepole, binti," alisema don Froilán. "Usiichubue nati pembe zake."

Don Froilán Cayo ndiye fundi, lakini mgongo wake ulikuwa hauinami tena. Alikaa kwenye kigoda kando ya gurudumu, shavu limejaa majani ya koka, akifanya kazi kwa masikio. Mikono ilikuwa ya Basilia. Tangu alipomaliza darasa la sita alikuwa akimpa spana. Mwaka huu ndio kwanza ameachiwa kazi yote.

Stika ya ukaguzi ilikuwa inaisha siku hiyo. Kesho alfajiri ilikuwa zamu yao kupakia chumvi pale ushirika. Asiye na stika hapakii, na aliyekosa zamu jina lake linashushwa mkiani mwa orodha, basi tena mpaka miezi mitatu. Kiwanja cha ukaguzi kilikuwa kinafungwa saa kumi jioni.

Wilber, mume wa dada yake, alifika saa tatu. Lori lake lilikuwa limeoshwa likang'aa, matairi yamepakwa rangi nyeusi. Alichuchumaa, akachungulia, akacheka.

"Shemeji, nani atainama huko chini? Yule afisa anatazama honi, taa, na kama umelisugua. Osha gari ukachukue stika. Hiyo bolti utagombana nayo mwezi ujao."

Basilia aliendelea kugonga. Mwezi wa tano, kwenye mteremko wa kwenda Potosí, bushi ya springi ya kulia, kile kibomba chenye mpira ambamo bolti hupita, ilikuwa imekwisha, ekseli ikasogea, na lori lililojaa magunia likaenda upande upande kama mbwa anayekimbia. Basilia ndiye aliyekuwa akiendesha, na mama yake alikuwa ameketi pembeni. Hakupiga kelele, alishika dashibodi tu. Tangu siku hiyo hajapanda tena, anasema anapenda kutembea.

Nati ilipoonekana, don Froilán alimwambia aikaze kidogo kwanza, ndipo ailegeze. Siku tatu walikuwa wakilinywesha lile gamba dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, asubuhi na jioni. Ikalia kama mlango wa kanisa, ikatoka. Basilia akaweka spana kwenye kichwa cha bolti, nacho kikazunguka kiurahisi. Wilber akapiga makofi. Don Froilán akaacha kutafuna.

"Haijatoka," akasema. "Inazunguka na bomba la bushi. Kutu imezishona pamoja. Unachozungusha hapo ni mpira wake tu."

Ilibaki kuichoma. Don Froilán alimwaga matone ya pombe ardhini, Pachamama, mama ardhi, anywe kwanza, akawasha bomba la gesi. Moto ukawaka kwa muda wa sala moja ya Baba Yetu, ukazimika. Mtungi mpya ulikuwa umepanda bei mara mbili tangu sikukuu ya Kanivali, na mzee alikuwa akiukamua huu wa zamani mpaka pumzi ya mwisho. Wilber alisema yeye atakwenda jioni, watakutana kwenye foleni kama watafika, akaenda zake.

"Msumeno," alisema don Froilán.

Kati ya springi na kishikio chake palikuwa na upenyo wa kupitisha ukucha. Fremu ya msumeno haikuingia. Basilia aliuchomoa ubapa wake wa meno, akaufunga kitambaa upande mmoja, akaanza kukata kwa mkono, vumbi la kutu likimdondokea shingoni. Ukavunjika mmoja, akachukua mwingine. Upande wa kwanza uliisha saa sita. Mama yake alileta supu ya viazi vikavu, Basilia akainywa hukohuko chini kwa kuinua kichwa. Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi, lakini mkono ulikuwa umeshazoea, na ilikuwa kama kusuka, hufikirii tena. Don Froilán alisikiliza sauti ikiwa nyembamba, akamwambia bado kidogo, bado kidogo. Saa nane na nusu kipande cha bolti kilimwangukia kifuani, cha moto kama mkate. Basilia alicheka peke yake kule chini.

Bushi mpya iliingia, bolti mpya ikapakwa grisi mpaka ikafurika. Mzee hakumruhusu kuikaza mpaka lori lishushwe likae kwa uzito wake, mpira usije ukajikunja. Hapakuwa na muda wa kuosha.

Kwenye foleni lori la Wilber lilikuwa nyuma yake, malori mawili katikati. Afisa, kijana wa viatu safi, alipiga honi, akawasha taa, akasema gari ni chafu kweli, akachomoa stika.

"Afisa, hujatazama chini," alisema Basilia.

"Chini kuna nini?"

"Springi. Kwenye fomu yako upo mstari wa springi. Tazama, halafu ubandike."

Afisa alimwambia zimebaki dakika ishirini wafunge. Basilia akazima injini, akachukua ufunguo, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Malori ya nyuma yakaanza kupiga honi. Kelele zikamleta mkuu wa kituo dirishani. Afisa alimwona, akavua kofia, akaiweka juu ya boneti, akaingia chini.

Alikaa huko muda mrefu kuliko walivyotegemea. Alipotoka alikuwa na oili kwenye mkono wa shati.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi. Fundi alikuwa anasikiliza."

Akaweka alama kwenye ule mstari, akabandika stika kiooni kwa kiganja, taratibu. Mkuu bado alikuwa dirishani. Afisa akamtazama, akaiacha kofia palepale, akaenda kwenye lori lililofuata, akainama.

Basilia alikuwa anaikunja fomu aliposikia gia ya nyuma. Lori la Wilber lilikuwa linatoka kwenye foleni, kinyumenyume, magurudumu yameelekea huku na bodi imeelekea kule. Nyuma yake likafuata jingine, halafu jingine, yote yameoshwa.