Nesi Aliyesimama Nje

Dafrosa alipotangaza kwamba anahama Stockholm kwenda kuwa nesi wa kijiji huko Jämtland, kaskazini mwa Sweden, rafiki yake Ziada aliacha kukoroga chai.

"Shoga, una wazimu? Hapa mjini kwenyewe baridi inatutoa machozi, wewe unaifuata nyumbani kwake?"

"Hawana nesi mwaka wa pili sasa. Wameniita, nakwenda."

"Haya. Utarudi hapa na vidole nusu."

Dafrosa hakubishana naye. Mtoto wa Bukoba akishakata shauri, kumbembeleza ni kumaliza mate bure. Miaka yote ya kazi hospitalini Stockholm alikuwa amefunga vidonda vya watu asiowajua hata majina. Leo kitandani yuko huyu, kesho yule. Alitaka wagonjwa wake mwenyewe, awajue wao na mbwa wao. Basi Januari ya 1973 akashuka kwenye basi na masanduku yake, theluji ikamfika magotini, na dereva akamtazama kwa huruma ambayo hakuiomba.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwazungukia wazee majumbani. Alianza kwa Edla, bibi mjane mwenye kidonda sugu mguuni. Akagonga mlango, akangoja. Moshi ulikuwa ukitoka juu ya paa, na nyuma ya pazia kivuli kilisogea. Akagonga tena. Akasimama pale mpaka kope zikaanza kugandana, ndipo akaondoka. Nyumba ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, mzee mmoja aitwaye Sixten alichungulia, akauliza yeye ana kosa gani, kisha akafunga.

Wiki zikaenda hivyo. Alilia, tusifichane. Alilia amesimama jikoni kwake, kwa hasira kuliko huzuni. Wameniona mweusi wakanikataa, alijiambia, na wakatae. Mimi nitagonga mpaka vidole viote sugu.

Daktari mkuu wa wilaya akapiga simu. "Sista Dafrosa, naona watu hawakupokei. Mwisho wa mwezi nitakuja kukuchukua. Stockholm nafasi yako ipo."

"Ukija kunitembelea, karibu," alijibu. "Kunichukua, hapana."

Kesho yake akarudi kwa Edla, akagonga kwa nguvu mpya. Safari hii sauti kali ikatoka ndani.

"Ingia au nenda zako!"

Akajaribu kitasa. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Bibi alikuwa ameketi karibu na jiko, mguu juu ya kigoda, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Unasimama nje kama askari aliyekuja kukamata mtu! Hapa anayegonga ni mtu wa serikali. Wengine wote huingia tu, wakaketi pale kwenye benchi la mlangoni mpaka waambiwe wasogee."

"Nilidhani hamnitaki."

"Na sisi tulidhani unajidai, unataka kufunguliwa kama malkia. Mimi na mguu huu nitainukaje?"

Dafrosa akacheka, na kicheko kikamtoa machozi mengine. Kwao mtu hapiti mlango wa mwenzake kabla ya kupiga hodi na kuambiwa karibu. Anayejitoma ndani ni mwizi, au hakulelewa. Mama yake angemzaba kofi kwa jambo hilo. Siku zote hizo alikuwa akingoja kuambiwa karibu, kumbe mlango kutofungwa ndiyo karibu yenyewe. Akavua koti, akaomba maji ya moto, akapiga magoti mbele ya mguu ule.

Alipofika kwa Sixten, alishika kitasa, akatazama nyuma. Alijiona kama anaiba kuku. Akanong'ona "hodi" kwa heshima ya mama yake, akasukuma. Mzee aliinua macho kutoka kwenye kahawa yake.

"Umechelewa sana," alisema, akamsogezea kikombe.

Mwisho wa mwezi daktari alikuja kweli, na gari lenye nafasi ya masanduku. Akaketi jikoni kwa Dafrosa, akaanza kumweleza kwa upole kwamba hakuna atakayemlaumu, kwamba kijiji ni kigumu hata kwa Waswidi wenyewe. Hakuwa amemaliza mlango ulipofunguka. Edla akaingia akichechemea, theluji imemjaa mabegani, na Sixten nyuma yake. Wakaketi kwenye benchi karibu na mlango.

"Mnahitaji nini?" daktari aliuliza.

"Tunangoja zamu," Edla alimjibu. "Na wewe, kijana, unaumwa wapi?"

Tangu Dafrosa aje Sweden, hakuna mtu aliyewahi kuingia kwake bila kuweka miadi kwanza. Akafungua mkoba wa dawa.

"Samahani, daktari," alisema, "nakuomba hicho kiti. Mgonjwa wangu aweke mguu."