Nakupa Biharamulo

Mwalimu Danstan alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni makofi. Ukimpigia mara moja, anakuongezea hadithi. Ukimpigia mara mbili, anaongeza na mbuzi wanaosema. Watoto wa shule ya msingi pale Kasulo, wilayani Ngara, walikwishamjua, na walimtumia vilivyo, hasa Ijumaa saa nane mchana, kwenye kipindi cha vitabu.

Kipindi hicho alikianzisha mwenyewe mwaka wa kwanza alipohamishiwa pale. Alikuwa na sanduku la bati, yale ya wanafunzi wa bweni, lenye vitabu vya hadithi arobaini na kitu. Kila mwisho wa mwezi alilipakia kwenye basi hadi Biharamulo mjini, akakutana na Mwalimu Benedicta anayefundisha Nyamahanga, mwenye sanduku kama hilo, wakabadilishana. Watoto wa huku wakasoma vya kule, na wa kule wakasoma vya huku, na mwezi uliofuata masanduku yakarudi kwa wenyewe.

Nyuma ya kila kitabu, ndani ya jalada, Danstan alibandika karatasi. Ukimaliza kusoma, unaandika maneno mawili matatu kumwambia atakayekuja baada yako kama akisome au akiache. Wengi waliandika "kitabu ni kizuri sana" wakakimbilia mpira. Ineza wa darasa la tano hakuandika hivyo hata siku moja. Yeye aliandika: "Usikisome ukiwa na njaa, ukurasa wa tisa wanapika." Au: "Huyu sungura anajifanya mjanja lakini hana rafiki. Msome polepole." Danstan alizisoma karatasi za Ineza peke yake ofisini na kutabasamu kama vile ameziandika yeye.

Kwa hiyo hakuelewa kwa nini mtoto huyo huyo, vikija vitendawili, anakuwa gogo.

Vitendawili vilikuwa ndiyo mwisho wa kipindi. Sheria yake kila mtu anaijua. Ukishindwa kutegua, unampa mtegaji mji. Yeye anakwenda huko kwa maneno, anarudi na aliyoyaona, ndipo anatoa jibu. Watoto wengine walitoa Mwanza, walitoa Dodoma, mmoja alizoea kutoa Ulaya. Ineza kila akishindwa alitoa mji uleule.

"Nakupa Biharamulo."

"Biharamulo tena!" wenzake walicheka. "Hapo si karibu tu?"

Danstan hakujali. Mji ni mji. Mara ya kwanza alikwenda akaona boma la Wajerumani na kuta zake nene. Mara ya pili akaona mabasi yanapigiana honi stendi na kuku aliyepanda basi bila tiketi. Ineza alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye dawati lake la mbele, hacheki wanapocheka wengine, na hadithi ikiisha alibaki amemkazia macho mwalimu kana kwamba kuna kitu amekisahau.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu Danstan akatega cha kitoto kabisa, cha kuwapasha moto.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mama yangu huzaa mara moja tu, kisha hukatwa. Watoto wake hubaki wamezunguka pale alipokuwa."

Mikono ikapaa darasa zima. Mtoto wa Kasulo asijue mgomba, na ameuona kabla ya kumwona daktari! Danstan akamchagua Ineza makusudi, ili naye apate walau kimoja. Ineza akasimama. Akatazama dirishani, ambako migomba ya shule ilikuwa inamwonyesha majani yake yote.

"Nimeshindwa, mwalimu. Nakupa Biharamulo."

Darasa likaangua kicheko. Danstan alimhurumia, na huruma ya Danstan siku zote hutokea mdomoni. Akaamua kumpa safari nzuri kuliko zote.

"Nimekwenda Biharamulo," akaanza, akitembea kati ya madawati. "Nikaingia sokoni. Nikamkuta mama mmoja mrefu, anauza maharage. Akanishika mkono. Akaniuliza, wewe si mwalimu wa Kasulo? Ineza wangu hajambo? Mwambie namsalimu sana. Mwambie asome kwa bidii, na vitendawili ajifunze, ananitia aibu!"

Makofi! Hata waliokuwa wanasinzia walipiga. Danstan akainama kidogo mbele yao, akatoa jibu la mgomba, akafunga kipindi huku mwili umemchangamka.

Ineza hakupiga makofi. Alisubiri wenzake watoke, akaja hadi mezani.

"Mwalimu, yule mama alikuwa amevaa kitenge gani?"

Hapa ndipo mtu mzima angenyamaza. Lakini masikio ya Danstan yalikuwa bado yana makofi.

"Cha bluu," akasema. "Chenye ndege."

Ineza akashusha pumzi. "Ndicho chenyewe," akasema, akachukua daftari lake akaenda nyumbani.

Danstan alidhani mtoto anaendeleza mchezo. Alifurahi, hata akamsimulia mwalimu mwenzake.

Siku nane baadaye, Jumamosi asubuhi, alikuwa ndani ya basi kwenda kubadilishana masanduku. Njiani alifungua la kwake ili asome karatasi mpya, kama kawaida yake. Akakuta kitabu cha mbuzi aliyekataa kuvuka daraja, na nyuma yake mwandiko wa Ineza, safari hii mrefu hadi ukingoni.

"Wewe utakayesoma hiki huko Biharamulo. Ni kizuri, mbuzi anavuka mwishoni. Naomba unisaidie. Mama yangu anaitwa Kezia. Ni mrefu, anavaa kitenge cha bluu cha ndege, ana alama ya kuungua mkono wa kushoto. Baba alipofariki alirudi kwao huko, na nyumbani kwetu bibi hataki atajwe. Mwalimu amemwona sokoni anauza maharage. Mwambie mimi ni mzima. Mwambie nashindwa vitendawili makusudi ili mwalimu aende kumwona."

Danstan aliisoma karatasi mara mbili, halafu akakifunga kitabu na kukikalia, kama vile abiria wengine wangeweza kuona kilichomo. Alijisikia mwizi. Watu huiba kuku, huiba pikipiki, yeye ameiba salamu za mama wa mtu akazigawa ili apigiwe makofi.

Benedicta alimkuta stendi ameshakunja uso. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mkubwa kwake kwa miaka kumi. Akasoma karatasi akiwa amesimama.

"Wewe umemwona huyu mama?"

"Sijamwona, dada. Nilimtunga."

"Na kitenge?"

"Nacho."

Benedicta akakifunga kitabu. "Sasa twende sokoni," akasema.

Wakaenda. Wakauliza kwa wauza maharage, kwa wauza ndizi, kwa mama mmoja wa mitumba aliyejulikana kwa kujua habari za kila mtu. Kezia aliyetoka Ngara? Makezia walikuwepo, mmoja mzee, mmoja mfupi kama stuli. Jua likawapanda kichwani, wakarudi stendi mikono mitupu.

Danstan akashika pembe ya ile karatasi. "Naibandua. Watoto wako wasisome mambo ya ndani ya nyumba ya mtu."

"Iache," Benedicta akasema. "Umeandika wewe? Mtoto amemwandikia atakayesoma, basi isomwe. Wewe una kazi yako nyingine, na unaijua."

Aliijua. Jumatatu, wakati wa mapumziko, akamwita Ineza kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, akapiga magoti chini kabisa ili macho yalingane.

"Ineza, yule mama nilimtunga. Sikwenda sokoni siku ile. Jumamosi nimekwenda kweli, nimetafuta, sikumpata. Nimekosa sana. Nisamehe."

"Na kitenge, mwalimu?"

"Nilibahatisha."

Ineza hakulia. Laiti angelia! Alikung'uta vumbi kwenye sketi yake, ingawa hapakuwa na vumbi.

"Basi mimi sichezi tena," akasema.

Na hakucheza. Ijumaa nne alikaa dawati la nyuma, hakuazima kitabu, hakuandika karatasi, na akiulizwa kitendawili alisema "sijui" bila kutoa mji. Danstan naye vipindi vikamshinda. Alikwenda Dodoma kwa maneno akarudi hana la kusimulia. Watoto wakaanza kupiga miayo. Mtu aliyezoea kusifiwa akikosa sifa hunyong'onyea, lakini yeye kilichomnyong'onyeza hakikuwa hicho, na alishangaa kugundua hivyo. Makofi hakuyakumbuka hata kidogo. Alitaka lile dawati la mbele lipate mwenyewe.

Mwisho wa mwezi wa nne Benedicta alimkabidhi sanduku, na kitabu cha mbuzi akampa mkononi, mbali na vingine. "Soma ukiwa umekaa," akamwambia.

Chini ya mwandiko wa Ineza nafasi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mtu alikuwa amebandika karatasi nyingine kwa ugali.

"Mimi ni Irine, darasa la sita, Nyamahanga. Kitabu ni kizuri. Nilikuwa nakisoma kwa sauti tunamenya maharage, nikasoma na ya nyuma. Mama akaacha kumenya. Yeye ndiye Kezia. Aliolewa na baba yangu mwaka juzi. Kitenge hicho kimechakaa, sasa anabebea mdogo wetu. Hauzi sokoni, tunalima tu. Akaniambia nisome tena, nikasoma mara tano mpaka maharage yakachelewa na baba akauliza kuna nini. Mama hajui kuandika. Anasema niandike kwamba alikuja Kasulo mara mbili akarudishiwa mlangoni. Anasema atakuja ya tatu. Halafu ametega kitendawili, anasema wewe unakijua."

Kitendawili kilikuwa chini, kwa herufi kubwa.

Danstan hakukipeleka darasani. Funzo moja lilimtosha. Jioni ile alikwenda kwa bibi yake Ineza, Bi Ildefonsa, akamkuta anaanika kahawa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwarimu. Mtoto kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mimi ndiye niliyefanya." Akamweleza yote, makofi na kitenge na sokoni, hakujipunguzia. Kisha akafungua kitabu kuonyesha zile karatasi mbili.

Bibi alizitazama muda mrefu bila kuzigusa. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kahawa. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na aliyebakiwa naye ni mtoto huyu. Danstan aliuona woga wake waziwazi, akaona haya kwa kuwa hapo nyuma aliudhania roho mbaya.

"Mimi sijui kusoma, mwarimu," akasema mwishowe.

"Naweza kukusomea, mama."

"Nimesema sijui kusoma. Kwa hiyo hicho kitabu sijakiona." Akaanza tena kuitandaza kahawa. "Mpe mwenyewe. Na huyo akija ya tatu, aje mchana, nikiwa nipo."

Ijumaa, kabla ya kengele ya kipindi, Danstan akamwekea Ineza kitabu kwenye dawati la nyuma, akaondoka bila neno. Alijifanya anafuta ubao ambao ulikwishafutika. Nyuma yake alisikia karatasi ikikunjuliwa, kisha mtu akivuta kamasi. Hakugeuka. Alipogeuka, Ineza alikuwa amehamia dawati la mbele, macho mekundu, na darasa lilikuwa linajaa.

Walisoma karatasi zao za kupendekeza. Vikaja vitendawili. Danstan hakuwa na cha kutega, akauliza nani anacho.

Ineza akasimama.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Asubuhi yuko nami. Mchana simwoni. Jioni amerudi, ni mrefu kuliko mwanzo. Wala hakwenda popote."

Wakajaribu. Jua! Kuku! Bendera ya shule! Mmoja akasema njaa, watu wakacheka. Ineza akakataa yote, kisha akamgeukia mwalimu. Danstan alikijua. Alikuwa amekisoma ndani ya basi, akanyanyua macho na kukiona kivuli cha basi lenyewe kinakimbia kwenye nyasi kando ya barabara. Neno lilikuwa limemjia hadi kwenye meno, na mtu kama yeye kulizuia neno ni kazi kuliko kulima.

"Nimeshindwa," akasema.

Darasa zima likapiga yowe. Mwalimu kashindwa!

"Nipe mji," Ineza akasema.

"Nakupa Biharamulo."

Ineza akakunja mikono kifuani, akavuta pumzi. "Nimekwenda Biharamulo," akasema. "Nimefika Nyamahanga. Nimemkuta mama yangu anamenya maharage. Kitenge chake cha bluu kimechakaa, anabebea mtoto. Mtoto huyo ni mdogo wangu, sikuwa najua. Ameniambia atakuja." Akaligeukia darasa zima. "Jibu ni kivuli."

Hakuna aliyepiga makofi. Danstan alivuta kiti cha mwanafunzi mmoja asiyekuwepo siku hiyo, akakaa miongoni mwa watoto, akanyoosha mkono juu kama wao.

"Tega kingine," akasema.