Nyumba Iliyotoka Komanda

Vahwere alikuwa anachambua maharagwe mbele ya hema lake, katika kambi ya waliokimbia vita pembeni ya mtaa wa Saio, mjini Bunia, nyumba yake ilipofika kutoka Komanda. Ilikuja kwa barabara kubwa kama magari mengine. Wenye pikipiki waliipigia honi, nayo ikasogea kando kuwapisha. Ilipofika kambini ilitafuta nafasi kati ya mahema, ikajishusha polepole kama mama mjamzito anayekaa mkekani, ikatulia.

"Mama Vahwere, si ile iko yenu?" jirani akauliza.

"Njo yangu," akaitikia Vahwere, akamalizia maharagwe yake kwanza.

Ilikuwa nyumba ya mbao na mabati yenye mlango wa buluu. Mume wake, Kambale, aliijenga walipohama Butembo kwenda kuuza chumvi na mawese kule Komanda. Kambale mwenyewe alizikwa nyuma yake, siku wenye mapanga walipovamia. Vahwere alizunguka nyuma kuangalia kama kaburi nalo limekuja. Halikuja. Alichokikuta ni ukuta ulioungua toka chini hadi kwenye paa. Ndani, matope ya mabuti yalikuwa bado mabichi, maganda ya risasi yametapakaa kitandani, na jivu la mafigani lilikuwa na moto. Watu walikuwa wamepika humo nyumba ilipoamua kuondoka.

Basi wakati huo Ofisi ya Mataifa ya Warejeao ilikuwa inatangaza kwa kipaza sauti kwamba Komanda kumetulia. Ofisi hiyo iliundwa na serikali nyingi ili isimamie uhamaji wa watu duniani kote, nani anahama, anapitia wapi, anarudi lini. Pale Bunia ilishughulika zaidi na kurudi. Kamio zake nyeupe, yale malori ya kuwarudisha watu kwao, zilikuwa zinasafishwa.

Adèle alikuja jioni hiyohiyo. Alikuwa msichana wa Butembo aliyefanya kazi katika Ofisi, na kati ya wafanyakazi wote ndiye peke yake aliyewahi kukaa chini ndani ya hema la Vahwere na kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mkono. Siku za mikutano Vahwere alimbebea mtoto mgongoni. Adèle aliingia nyumbani, akashika lile jivu, akalia kidogo.

"Mama, nitapiga foto ya kila kitu," akasema. "Ukuta, risasi, jiko. Wakubwa wataiona. Kamio haitaenda hata moja."

Akampanga Vahwere mlangoni, jua likiwa linampiga usoni, akamwomba achangamke kidogo ili picha isikatae kutoka. Vahwere akachangamka. Halafu Adèle akaenda kupiga upande wa nyuma.

Juma lililofuata Vahwere alinyimwa chakula cha msaada. Mgawaji alimweleza kwa upole kwamba mtu mwenye nyumba yake si mkimbizi tena, na kwamba Ofisi imemhesabu kati ya waliorudi. Vahwere hakubishana. Alijisemea Adèle atakuja kunyoosha mambo.

Ila Adèle hakuja. Aliyepiga simu ni Kavira, mdogo wake Vahwere. Siku ya mapanga Kavira, aliyekuwa na nyumba yake hukohuko Komanda, alikimbilia upande mwingine, Mambasa, na toka hapo walikuwa wanasikiana kwa simu tu.

"Yaya, nimekuona!" Kavira alikuwa anampazia dada yake mkubwa sauti, injini inanguruma nyuma. "Foto yako iko hapa Mambasa, kubwa kama ukuta! Umesimama mbele ya mulango yako ya buluu, unacheka. Wameandika chini, Nyumba yangu iliningoja. Mbona hukuniambia kama unarudi?"

"Kavira, sikurudi. Niko Bunia. Nyumba njo ilikuja huku."

"Nini? Sikusikie, yaya. Tuko mu kamio tayari. Miye nilikuwa nakataa, unajua. Nilipoona sura yako nikasema, kama yaya amerudi, basi."

"Shuka! Kavira, nyuma iliungua! Shuka!"

"Weka maji kwa moto, nakuja," Kavira akasema. Kamio ikaingia msituni na simu ikakatika.

Vahwere alienda hadi lango la Ofisi, akasimama mpaka Adèle alipotoka kula.

"Ukuta iko wapi, Adèle?"

"Nilituma yote, mama. Kule juu walisema foto iko kubwa sana, ikatwe."

"Nani alikata?"

Adèle alitazama viatu vyake. "Miye," akasema. "Walinipa mukasi miye. Mukataba yangu ilikuwa inaisha, na unamujua mutoto yangu."

"Namujua," akasema Vahwere. "Nilimubeba." Akageuka, akarudi kwake kwa miguu.

Nyumba ya Kavira ilifika Bunia siku ya mvua. Iliingia kambini ikiwa imeinama upande mmoja, ikakaa ubavuni mwa nyumba ya Vahwere, ukuta kwa ukuta. Vahwere alisukuma mlango. Furushi la Kavira lilikuwa katikati ya chumba, bado limefungwa, na kiatu chake kimoja kilikuwa kizingitini. Mwenyewe hakuwemo. Vahwere alikaa sakafuni akililia furushi lile, na nyumba ikatulia ili isimsumbue.

Siku zilizofuata zilikuja nyumba nyingine. Polisi wa barabara walizoea kuziongoza pale kwenye mzunguko wa barabara mjini, na Ofisi ikazitengea kiwanja.

Asubuhi moja kamio nyeupe zilizotoka kambi za kaskazini zilisimama Saio kutia mafuta. Vahwere alipita kutoka moja hadi nyingine, akishika mbao za pembeni.

"Musiende," akawaambia. "Mudogo yangu alienda, hakuna tena. Kule wanakaa wenye mapanga."

Mama mmoja aliyekuwa juu, amekumbatia sufuria, alimkazia macho, kisha akatabasamu.

"Weye si ule mama wa foto?" Akainama, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Aksanti sana. Siye tulikuwa tunaogopa. Weye njo ulitutia roho."

Dereva akawasha gari. Kwenye kona, kamio yao, iliyokuwa mbele, ilikutana na nyumba ndogo ya udongo iliyokuwa inapanda mlima polepole, bati moja likining'inia. Mama mwenye sufuria aliitambua. Akagonga kichwa cha gari kwa kiganja.

"Simama! Simama, ile njo nyumba yangu!"

Dereva alimjibu kwamba ana ruhusa ya kushusha watu Komanda tu. Nyumba ikashuka mtaroni, ikangoja kamio zote zipite, kisha ikaendelea na safari kuja Bunia.